Kidonge Mbele ya Kaboni

Mwaka 2021 watafiti wa Tanzania walikusanya damu katika mikoa 13 wakitafuta badiliko moja dogo kwenye vinasaba vya kimelea cha malaria. Badiliko hilo huitwa R561H, na humpa kimelea uvumilivu dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini. Mikoa mingi halikuonekana, au lilionekana kwa nadra sana. Kagera lilijitokeza waziwazi, tena kwa tofauti kubwa kati ya wilaya na wilaya: Ngara asilimia 1.4, Kyerwa asilimia 14.4, Karagwe asilimia 22.8. Mwaka uliofuata timu iliyoongozwa na Dkt. Deus Ishengoma wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iliwatibu na kuwafuatilia watoto 176 wilayani Karagwe, nusu yao kwa mseto wa artemeta na lumefantrini, ile ALu ya kila zahanati, na nusu kwa artesuneti na amodiakwini. Karibu wote walipona. Hata hivyo, siku ya tatu zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi bado alikuwa na vimelea kwenye damu. Hapo Tanzania ikajua kuwa ukinzani wa sehemu umeshaingia nchini.

Katika utafiti wa namna hiyo ubora wa dawa hujulikana mapema, na mtoto humeza kidonge huku muuguzi akimtazama. Vijijini mambo ni mengine. Mama wa Nkwenda au Rwambaizi anaporudi zahanati siku ya tatu, mtoto bado anachemka, mganga ana maswali kadhaa ya kuuliza. Mtoto alitapika? Dozi zote sita zilinywewa, au nne tu kwa sababu homa ilishuka? Alipewa chochote chenye mafuta, angalau maziwa, maana bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri mwilini? Maswali hayo mama anaweza kuyajibu. Linabaki moja asiloliweza, na mganga naye haliwezi: kidonge chenyewe kilikuwa na dawa ya kutosha ndani yake?

Sisemi haya ili kuwatisha watu na maduka ya dawa muhimu. Mwaka 2010 watafiti walinunua sampuli zaidi ya 1,700 za dawa za malaria zenye artemisinini katika maduka binafsi kote Tanzania, wakazipima, na hawakukuta hata moja ya bandia. Walichokikuta ni baadhi ya vidonge ambavyo kiambata chake kilikuwa pungufu au kimezidi. Hiyo ni habari njema kwa sehemu kubwa. Lakini habari njema ya mwaka 2010 haimjibu mama wa leo, na kimelea kilichoanza kuivumilia dawa hunufaika sana kikikutana na dozi pungufu. Ndiyo maana mahali kama Karagwe na Kyerwa, kabla ya kukilaumu kimelea, inafaa tuwe na njia ya kukihoji kidonge.

Njia zipo. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ina maabara zenye mashine kubwa zinazotenganisha viambata kwa shinikizo la kimiminika na kuvisoma kwa mwanga, na kwa miaka mingi imetumia pia maabara ndogo ya Kijerumani inayobebwa kwenye masanduku, ambayo kwayo tone la dawa hupandishwa kwenye bati jembamba na doa lake kulinganishwa na doa la dawa halisi. Ni kazi nzuri na imekamata mengi. Ila doa husomwa kwa jicho, na jicho halioni vizuri tofauti ya asilimia kumi. Mashine kubwa huiona tofauti hiyo, lakini inataka umeme usiokatika, vimiminika safi vya bei, na fundi aliyesomea.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo niliyoipenda tangu nilipoielewa: kukipima kidonge kwa umeme.

Msingi wake ni huu. Molekuli nyingi za dawa, zikiguswa na uso wa kaboni au metali uliounganishwa na chanzo cha umeme, huachia elektroni au huzipokea. Kila molekuli ina kiwango chake cha msukumo inachohitaji ili ikubali, na kiwango hicho hupimwa kwa volti. Ukipandisha volti polepole huku ukisoma mkondo, mstari hutambaa chini chini, kisha penye volti ya dawa hiyo hupanda ghafla na kushuka, ukiacha kilele. Mahali pa kilele panakuambia ni dawa gani. Kimo chake kinakuambia ni kiasi gani. Kifaa kinachofanya hivyo huitwa kihisio cha elektrokemia, na babu yake alizaliwa Prague mwaka 1922, pale Jaroslav Heyrovský alipoanza kusoma mkondo wa umeme kwenye matone ya zebaki yanayodondoka moja baada ya jingine. Mwaka 1959 kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel. Siri ya zebaki ilikuwa rahisi: kila tone jipya ni uso mpya, safi kabisa, usio na kumbukumbu ya kilichotangulia.

Zebaki ni sumu, na maabara nyingi zimeiacha. Waliokuja baada yake walichukua kaboni ngumu iliyookwa mpaka ikang'aa kama kioo cheusi, wakaichonga duara dogo la upana wa milimita tatu, wakaizungushia plastiki. Lakini kaboni haidondoki. Kilichoshika pale jana kipo mpaka leo. Basi usafi ambao Heyrovský aliupata bure kwa uzito wa tone, fundi wa leo anautafuta kwa mikono yake, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Kitambaa laini hubandikwa juu ya kioo na kulowanishwa. Juu yake hunyunyizwa unga wa alumina, kwanza wenye chembe za mikromita moja, kisha 0.3, kisha 0.05. Fundi hushika elektrodi wima, asiilaze hata kidogo, na kuichora namba nane juu ya kitambaa, tena na tena, bila kuikandamiza. Namba nane ina sababu yake. Ukisugua kwa kwenda na kurudi, mikwaruzo hulala upande mmoja na uso hupinda. Ukizungusha duara, ukingo huliwa kuliko katikati. Namba nane hugawa msuguano pande zote. Kati ya unga mmoja na mwingine elektrodi huoshwa vizuri, maana chembe moja kubwa ikibaki itaharibu kazi ya unga mwembamba. Mwisho huzamishwa kwenye maji yanayotikiswa kwa mawimbi ya sauti ili chembe zilizojificha zitoke.

Kisha hupimwa kama kweli imesafika. Kuna chumvi moja ya chuma na sianidi, yenye rangi ya manjano, ambayo tabia yake mbele ya kaboni inajulikana dunia nzima. Volti ikipanda inatoa elektroni, ikishuka inazirudisha. Vilele viwili hutokea, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, na kadiri uso ulivyo safi ndivyo vinavyokaribiana, kuelekea umbali wa milivolti 59. Vikiwa mbali, fundi hasemi lolote na mashine. Anarudi kwenye kitambaa. Sijui kazi nyingine ya maabara ambayo uvivu huonekana haraka namna hii, kwa namba, kabla hata sampuli haijaguswa.

Sasa kidonge. Cha paracetamol, kwa mfano, maana karibu kila nyumba ya Karagwe ina paketi yake. Vidonge kadhaa husagwa pamoja ili kimoja kisipotoshe, unga hupimwa kwenye mizani nyeti, ukayeyushwa, ukachujwa. Wanga, laktosi na vitu vingine vya kukishikanisha kidonge havina cha kusema mbele ya kaboni kwa volti hizi, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nusu ya kazi ya mashine kubwa ni kuvitenga. Myeyusho huwekwa kwenye bafa inayoshikilia uchachu pasipo kuyumba. Paracetamol, ikiachia elektroni zake mbili, huachia pia protoni mbili, na kwa hiyo kila hatua moja ya pH husogeza kilele kwa takribani milivolti 59. Asiyetunza uchachu ataiona dawa ileile imehama, aidhani ni nyingine.

Ndani ya kichupa huingia elektrodi tatu: ile ya kaboni iliyosuguliwa, waya wa platini wa kukamilisha mzunguko, na ya tatu ya fedha iliyofunikwa kloridi ya fedha, ikiwa imezama kwenye chumvi yake. Hiyo ya tatu, elektrodi rejea, haifanyi kazi yoyote ya kuonekana. Inasimama tu bila kubadilika, ili volti za wenzake zihesabiwe kutoka kwake. Ikikauka au chumvi yake ikipungua, kila kitu kilichopimwa siku hiyo hakina maana, ingawa mistari itaendelea kuchorwa vizuri tu.

Kabla ya dawa hupimwa bafa tupu. Wakulima wa kahawa wa Karagwe hawahitaji kufundishwa sababu: kwenye mizani ya chama cha msingi, gunia lina uzito wake, na asiyelitoa amepima kahawa asiyokuwa nayo. Bafa nayo ina mkondo wake mdogo, kaboni ina wake, na uchafu uliomo kwenye maji una wake. Vyote hivyo hujulikana kwanza, vikaandikwa, vikatolewa.

Baada ya hapo kilele cha paracetamol husomwa, karibu na volti 0.4. Wengi wangeishia hapo. Fundi mzuri anaongeza kiasi kidogo cha paracetamol halisi, anachokijua kwa hakika, ndani ya kichupa kilekile, anasoma tena. Anaongeza tena. Kilele hupanda kwa ngazi, na ngazi hizo hulala kwenye mstari mnyoofu. Akiurefusha mstari kurudi nyuma mpaka mkondo uwe sifuri, unamwonyesha kiasi kilichokuwemo tangu mwanzo. Uzuri wa njia hii ni kwamba kama kuna kitu ndani ya kidonge kinachoufifisha mkondo, kinaufifisha pia kwa dawa iliyoongezwa, na kosa linajifuta lenyewe. Kidonge kilichoandikwa miligramu 500 kikitoa 498, kimepita. Kikitoa 410, kuna mtu wa kupigiwa simu.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuuheshimu ufundi huu ni nyingine. Dawa ikipimwa kwa mizani, unapima uzito wake. Ikipimwa kwa mwanga, unapima kivuli chake. Mbele ya elektrodi dawa hufanya kitendo, na mara nyingi kitendo hicho ni kilekile inachofanya au kufanyiwa mwilini. Paracetamol ikiachia elektroni mbili kwenye kaboni hugeuka kuwa kitu kilekile ambacho ini hukitengeneza kidogo kidogo kila unapomeza kidonge, na ambacho kikizidi kwa aliyemeza vingi huliua ini. Amodiakwini, mojawapo ya dawa walizopewa watoto wale wa Karagwe, huachia elektroni zake kwa urahisi wa namna hiyohiyo, na ndani ya mwili badiliko hilohilo ndilo linalohusishwa na madhara yake adimu kwenye ini na chembe nyeupe za damu.

Artemisinini ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Katikati ya molekuli yake kuna daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana. Daraja hilo ndilo silaha. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya chembe nyekundu, na kwa kula huko huachia hemi, ile sehemu yenye chuma. Chuma hukutana na daraja, daraja huvunjika, na vipande vyake vikali humuua mlaji. Sasa, artemeta karibu haionekani kwa mwanga. Mashine kubwa hulazimika kuitazama pembezoni kabisa mwa urujuanimno, mahali ambapo karibu kila kitu kingine nacho huonekana. Elektrodi huliona daraja. Katika miaka ya 1980 na 1990, wataalamu waliotaka kujua kiasi cha artemisinini kwenye damu ya wagonjwa waliweka elektrodi mwishoni mwa mashine zao kwa sababu hiyo hasa. Tatizo ni kwamba kaboni tupu inataka msukumo mkubwa wa upande hasi ili kulivunja daraja. Wakemia wakafikiri: nani analivunja kirahisi? Hemi. Wakaweka hemini, ndugu yake wa karibu, kwenye kaboni, na msukumo uliohitajika ukapungua sana.

Nadhani wasomaji wa Kagera, ambao malaria wanaijua kwa watoto wao wenyewe, watauona uzito wa jambo hili. Kihisio hicho kinaipima dawa kwa kuiwekea chuma kilekile kinachoiamsha ndani ya kimelea. Kidonge ambacho daraja lake limevunjwa na joto la ghala kitakuwa na rangi ileile na uzito uleule, lakini mbele ya hemini kitanyamaza.

Upande ule hasi wa volti, ambako daraja huvunjwa, una adabu zake. Oksijeni ya hewa iliyoyeyuka majini nayo hupokea elektroni karibu na hapo, na hufunika kila kitu. Kwa hiyo naitrojeni hupitishwa kwenye kichupa, viputo vyembamba kwa dakika kumi au zaidi, kisha huachwa ielee juu ya myeyusho kama blanketi wakati wa kusoma. Hakuna njia ya mkato. Anayesoma kabla ya wakati anapima hewa ya chumbani.

Mtu anaweza kudhani haya yote ni ya vyuo vikuu na hayatafika Karagwe. Hayo yalisemwa pia juu ya sukari. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walieleza nchini Marekani elektrodi ya kupima glukosi kwa kutumia kimeng'enya, kifaa cha hospitali kubwa. Mwaka 1987 kikaingia sokoni kipimo chenye umbo la kalamu, kazi ya watu wa Oxford na Cranfield nchini Uingereza, ambacho stripu yake ilitumika mara moja na kutupwa. Leo kipima sukari kipo hospitali ya Nyakahanga na ya Isingiro, kipo vituo vya afya, kipo mifukoni mwa wagonjwa. Tone la damu, sekunde chache, namba. Kusugua kote kule, bafa, elektrodi rejea, vyote vimechapwa kiwandani kwa wino wa kaboni na fedha juu ya kipande cha plastiki chembamba kuliko kucha. Ufundi haukutoweka, umefanywa na mtu mwingine, mapema zaidi, kwa maelfu ya stripu zinazopaswa kufanana.

Na paracetamol huingia humo pia. Baadhi ya vipima sukari humpandishia namba aliyemeza panadoli, kwa sababu volti inayosoma sukari inatosha kuifanya paracetamol nayo iachie elektroni zake. Watengenezaji walihangaika miaka mingi kuizuia kwa utando na kwa kushusha volti. Kwao ilikuwa kero. Ukiitazama kwa jicho la mpima dawa, ni ushahidi kwamba stripu ya namna hii inaiona dawa hata pale isipoulizwa.

Jirani zetu wameshajifunza kuuliza. Mwaka 2012 Meareg Amare na Shimelis Admassie wa Ethiopia walichapisha njia ya kupima kafeini ya kahawa kwa elektrodi ya kaboni kioo waliyoifunika kwa utando wa polima. Kafeini ni ngumu. Inataka karibu volti 1.4 au zaidi, jirani na pale maji yenyewe yanapoanza kuvunjika, na utando ule ulisaidia kilele kisimame peke yake. Robusta ya Karagwe ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na kafeini hiyohiyo huchanganywa na paracetamol kwenye vidonge vya kichwa. Kwa msafara mmoja wa volti kutoka chini kwenda juu, paracetamol hujitokeza mapema na kafeini mwishoni, bila kutenganishwa. Wapo pia waliotumia risasi ya penseli ya kawaida kama elektrodi, wakaipima paracetamol kwa namba za kuaminika. Nawapenda hao. Penseli inauzwa Omurushaka na inauzwa Murongo, na uso mpya unapatikana kwa kuivunja.

Mipaka ipo, na mafundi wenyewe huisema kwanza. Elektrodi haijui kama kidonge kitayeyuka tumboni au kitapita kizima. Vitamini C huachia elektroni kwa volti zisizo mbali na za paracetamol, na uso usiotayarishwa vizuri huvichanganya. Stripu iliyokaa kwenye unyevu haifanani tena na wenzake.

Kwa Karagwe na Kyerwa ningeanza na amodiakwini, kwa sababu inajieleza kwa urahisi kwenye kaboni tupu, na mafundi wangepata mazoezi. Kazi yenyewe ni ALu. Kidonge kimoja kina artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, na zote mbili hazipendi maji, kwa hiyo myeyusho lazima uwe na alkoholi. Lumefantrini husomwa upande chanya, kwenye kaboni iliyo wazi. Artemeta husomwa upande hasi, kwenye kaboni yenye hemini, hewa ikiwa imeondolewa. Stripu ya ALu ingehitaji nyuso mbili ubavuni kwa ubavu, pamoja na namna ya kuiondoa oksijeni bila mtungi wa naitrojeni, na kila asubuhi ingepaswa kupimwa kwanza kwa kidonge ambacho kiasi chake kinajulikana. Kati ya hayo yote, oksijeni ndiyo fundo gumu zaidi.